Tumbo Yenye Ilinyamaza

Munganga Désiré hakuzungulukazunguluka. Alikubali mbele ya bantu bote ya kama ni yeye njo aliharibu. Clément, fundi wa nguo, alimufikia na kuhara ya damu na homa. Na yeye, na diplôme yake yote, akamupa vidonge vya kutuliza misokoto ya tumbo.

Musimucheke mbio. Mu camp ya bakimbizi ba Kasai, pembeni ya Lubumbashi, ile mwaka ya sécession, wakati jimbo ilijikata na inchi, vyoo vilichimbwa ku mupaka ya camp kabisa, uso kwa uso na basoda ba bariere yenye kufunga barabara. Unachutama, bunduki inakuangalia. Njo maana kila mugonjwa alikuwa anaomba paka dawa ya kufunga, na munganga mwenye kufunga alisifiwa kupita padri.

Clément alifunga kweli. Misokoto ikatulia, kuhara ikakatika. Bibi yake, Mama Adolphine, akapikia munganga matamba, majani ya muhogo. Désiré akakula, akatania asema sasa tumbo ya Clément iko na adabu kupita ministre.

Kesho yake tumbo ikavimba sawa ngoma, homa ikapanda. Désiré akaweka sikio pa kitovu. Tumbo ya muntu inasemaka: inanunguna, inalia, inagombana na chakula ya bukari. Hii ilinyamaza. Njo akili ikamurudilia: ile dawa inalegeza matumbo, haisukume tena. Uchafu wenye ungetoka ulibakia mule ndani, unachemuka. Maumivu ilienda, ugonjwa hapana.

Akamuelezea Mama Adolphine bila kuficha. Mama akamuambia aache sura ya matanga, akamate Clément upande wa miguu. Lopitali ilikuwa ngambo ya bariere. Bajirani bakalia asema batapigwa masasi. Yeye akajibu bwana yake hatakufa juu ya haya ya choo.

Bakamubeba mu blanketi, mu jua kali, bakapita mbele ya vyoo. Clément, macho nusu, akauliza kama banaenda kumuzika, juu hajavaa suruali ya muzuri.

Pa bariere soda mumoja akabaambia Bakasai barudie kwabo.

— Kwetu ni hapa, mwana, Mama Adolphine akasema. Baba yangu alichimba shaba ya Kambove paka mapafu ikaisha. Unionyeshe kwetu kwingine.

Soda akakokota bunduki. Mama akaikala katikati ya barabara, akaweka kichwa ya bwana yake pa mapaja, akaanza kumupepea na kitambaa, sawa muntu mwenye kuwa mu kiwanja yake. Désiré naye akaikala.

— Chef, akasema, mi njo nilimuharibia tumbo. Munifunge mi. Yeye mumuache apite, bamupasue ku lopitali mbele tumbo haiyamupasukia ndani.

Basoda bakaangalia ngambo ya barabara, bariere ikabakia yenye kufungwa.

— Chef, Désiré akarudilia, tafazali. Mumuache apite.