Bibi wa Robo Tatu

Jumanne, saa nne kasoro, darasa la tano lilikuwa linagawa nshima ya kuchorwa, yaani ugali, katika robo, mgeni akapiga hodi. Alivaa tai ya kijani, amebeba begi la ngozi, na vumbi la barabara ya Monze lilimfika magotini. Aliwasalimu watoto vizuri, kisha akamuuliza Mwalimu Choolwe Hamoonga kama bibi yupo.

"Yupo ukutani," Choolwe alisema.

Bibi alikuwa wa wino, urefu wa kiganja, amekaa kwenye kigoda akimega nshima kwa mwiko. Choolwe alimchora kwa kumwiga bibi yake mwenyewe, marehemu, aliyeweza kuwagawia wajukuu kumi na mmoja sufuria moja bila hata mmoja kununa. Alitunga naye masomo matano ya nusu, theluthi na robo, akayatuma kwenye kundi la walimu la kwenye simu. Kundi hilo lina adabu yake: anayetuma hasemi jina lake, asionekane anajivuna, na anayepokea akikuta jina hulifuta kabla ya kupeleka mbele. Hivyo masomo yalifika mbali sana, hayana mwenyewe.

"Kampuni yetu ya vitabu imeshamsajili," mgeni alisema, akionyesha karatasi yenye mhuri. "Nimekuja kumchukua."

"Nilimchora mimi."

"Sikatai, Madamu. Jina lako liko wapi?"

Choolwe aliitazama picha. Palikuwa na bibi, sufuria, na ukingo mweupe.

Bibi alikuwa amesikia. Alifuta mwiko, akabana kigoda kwapani, akashuka polepole mpaka kwenye dawati la Luyando. Watoto walikunja viganja wakapiga makofi ya taratibu, kama wanavyomuaga mtu mzima yeyote.

"Bibi, na robo tatu je?" Luyando aliuliza. "Hatujamaliza."

"Muulize huyu baba mwenye tai. Mimi napelekwa kama kuku wa sokoni."

Akaingia begini. Mgeni aliacha zipu wazi kidogo ili apate hewa, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Mlangoni alisema kwa upole, "Usimchore tena, Madamu. Ukimchora, tutakuja kumchukua na yule wa asili."

"Wa asili alishakufa."

"Hata hivyo."

Mwalimu mkuu aliiandikia kampuni barua ya malalamiko. Ilirudi kesho yake, maneno yote yaleyale, ila saini ilikuwa ya kampuni.

Alhamisi Mwalimu Siamwaza, mmoja wa wachache kundini waliojua nani anachora, alipiga simu kutoka bonde la Gwembe. Alikuwa na wanafunzi tisini na wanne na hakuwa na kitabu hata kimoja.

"Madamu, uliniahidi somo la sita kesho. Mtihani ni Jumatatu. Hawa watoto wananitazama kama vile nimemficha bibi jikoni kwangu!"

"Nikichora ng'ombe je?"

"Chora chochote, dada yangu, mradi agawe."

Choolwe alichora ng'ombe. Ng'ombe akala nshima yote. Akachora mduara mtupu, na mduara ukakaa tu hapo, hauna la kumwambia mtu.

Ijumaa baada ya masomo alikaa sebuleni, chini ya fremu yenye picha pekee ya bibi yake iliyowahi kupigwa, amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria. Akachukua kalamu, akaanza. Alipochora kitambaa cha kichwa, kitambaa kilitoweka kwenye fremu. Alipochora mikono, mikono ikatoweka. Alipofika usoni aliinua macho ahakikishe paji lilivyo, akakuta fremuni hakuna tena uso wa kumhakikishia. Akamalizia kwa mazoea ya mkono. Bibi wa karatasi alimega robo tatu bila kuharibu ukoko. Saa kumi Choolwe alituma somo, bila jina.

Jumamosi mchana jibu lilikuja. "Wameelewa wote, hata wale wa nyuma kabisa. Wanauliza huyu bibi anaitwa nani."

Choolwe aliitazama fremu. Kigoda kilikuwepo, na sufuria, na mvuke ukipanda. Alilitafuta jina la bibi yake, nalo halikuwepo.

"Sijui, kaka," aliandika. Kisha akaongeza, "Kuna aliyenuna?"

"Hakuna hata mmoja."

Akaishusha fremu, akafuta vumbi kwenye kioo chake, akairudisha ukutani.