Vidonge Viwili kwa Siku

Lebo ya tatu ilikwenda upande, ya nne ikapinda, na kwenye ya tano sindano ikamwingia kidoleni. Mama Lebo alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kushoto, akaichomoa sindano, akafunga kidole kwa kitambaa ili damu isidondokee kola za watu. Miaka tisa alikuwa amekaa kwenye kiti hicho akishona lebo za saizi shingoni mwa mashati, ndogo, ya kati, kubwa, mpaka wenzake wakasahau jina lake wakampa hilo la Mama Lebo. Sasa mikono ilikuwa inamtetemeka, jasho linamtiririka wakati wenzake wamevaa masweta, na moyo unamwenda mbio na hali amekaa kitako.

Msimamizi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Rula kwa ile rula ya chuma asiyoiweka chini, alilinyanyua shati moja akaligeuza. Lebo ilisema kubwa, shati lilikuwa dogo. Bunda zima likarudishwa kufumuliwa.

"Mara ya tatu wiki hii, mama," alisema bila kupandisha sauti. "Sijui unakunywa nini."

Akamwambia aende kliniki akalete barua inayosema anaumwa nini na atapona lini. Ikifika saa tisa hajarudi nayo, kiti kina mtu mwingine.

Hakuwa anakunywa kitu zaidi ya chai. Alichokuwa anameza ni dawa ya tezi. Tezi yake ya shingoni iligoma kufanya kazi, na mwaka mzima ulikwisha katika kutafuta kipimo cha dawa kinachomfaa. Walimwanzishia kidogo, akabaki kavimba uso, anasinzia mchana kweupe. Wakampandishia, wakapima damu, wakasubiri wiki sita, wakampandishia tena, hadi wakafika vidonge viwili vya mikrogramu hamsini kila asubuhi. Hapo alipata nafuu, akacheka na watoto wake, akashona kama zamani. Kisha, miezi miwili iliyopita, mambo yakaharibika. Kila alipolalamika kliniki aliambiwa ni wasiwasi, apunguze mawazo. Hata mumewe alianza kuamini, maana mke anayekunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akazikunjua na kuzikunja upya, utasema ana nini?

Bahati ilikuwa Alhamisi, siku ya watu wa tezi. Alikaa kwenye benchi, kadi mkono mmoja, pakiti tupu mkono wa pili, kwa sababu bila pakiti tupu hupewi nyingine. Ndiyo sheria yao. Nyumbani alizoea kumeza gizani akiwahi zamu. Hapa palikuwa na mwanga, na mtu aliyesoma lebo miaka tisa hawezi kushika kitu chenye maandishi asikisome. Pakiti ilikuwa ileile nyeupe, yenye mstari uleule wa kijani. Namba ndiyo haikuwa ileile. Ilisema mia.

Aliisoma tena. Kadi ilisema viwili. Kumbe siku zote hizo alikuwa anameza dozi ya watu wawili!

Mtoa dawa, kwenye dirisha lake, hakuinua hata macho. Alisema za hamsini ziliisha, zikaletwa hizi, na kazi yake yeye ni kutoa kilichoandikwa. Viwili ni viwili. Daktari naye aliigeuzageuza pakiti, akasema viwili alivyoandika yeye vilikuwa vya hamsini, ya dirishani hayamhusu. Kuanzia kesho ameze kimoja, na baada ya wiki sita apimwe damu. Pole hakusema. Akaandika barua, akagonga muhuri. Mama Lebo akaisoma palepale: mgonjwa ana wasiwasi, apumzike siku tatu.

"Daktari, andika kwamba nilipewa dawa maradufu."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Kwani uongo?"

"Si uongo. Ila hiyo lazima ipite kwa mganga mkuu, na mganga mkuu yuko semina. Chukua hii, mama, itakusaidia."

Itamsaidia nini? Kiwandani mtu wa wasiwasi haachiwi cherehani. Na hasira ilimpanda mpaka masikio yakamuwaka. Kule ukikosea lebo moja unatajwa mbele ya watu wote na bunda linafumuliwa. Hawa walikuwa wamemchezea moyo kwa miezi miwili, wakamwita mwenye wasiwasi, na kosa halikuwa na mwenyewe. Aliirudisha barua mezani, akatoka.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Angeweza kurudi ndani akaichukua ile karatasi, akawahi. Badala yake alisimama mbele ya mabenchi.

"Jamani, toeni pakiti zenu. Someni namba, halafu msome kadi."

Mtoa dawa alimwambia aache fujo. Alipoona watu wanafungua mikoba, akafunga dirisha. Fundi viatu wa benchi la mbele alisoma polepole: mia, viwili. Alikuwa amefunga kibanda chake mwezi uliopita kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Binti aliyekaa nyuma yake, mia, viwili. Saa tisa ilipita Mama Lebo akiwa bado anawasomea wasioona maandishi madogo.

Bibi mmoja, aliyekuwa anahema kama aliyepanda ngazi, alimpa kadi na pakiti kwa pamoja. Pakiti ilisema mia. Kadi ilisema vitatu.

"Bibi, leo umemeza?"

"Nimemeza, mwanangu. Mimi sijaruka hata siku moja."

Mama Lebo akamshika mkono, akamnyanyua taratibu, na kwa ule mkono mwingine akaanza kuligonga dirisha.