Maneno Nyuma ya Kapo

Umekwisha kusikia motokari inayokufa njaa huku tumbo lake limejaa? Kama hujasikia, kaa vizuri, maana Mama Mianda aliisikia, tena aliitambua kabla ya dereva. Kwanza inakohoa kidogo, kama mtu aliyemeza punje ya mahindi bila kutafuna. Halafu inakimbia tena, unajidanganya kwamba imepona. Halafu inafika kwenye kamlima, kamlima tu ambako mtoto wa shule anapanda na baiskeli bila kushuka, inavuta pumzi, inavuta, haipati kitu, inasimama.

Ndivyo Peugeot 404 ilivyosimama asubuhi ile ya mwezi wa tano, mwaka wa tisini na tatu, kati ya Musonoi na mjini Kolwezi, kando ya mlima wa udongo uliotolewa mgodini. Baridi ya kiangazi ilikuwa imeanza, ile inayopasua midomo, na vumbi lilikuwa linatembea peke yake barabarani.

Ndani walikuwa watu wawili tu, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Nyuma alikaa Mama Mianda, mjane wa Kabasele, aliyekuwa karani wa magasini, lile ghala la vifaa la kampani ya migodi. Mbele, kwenye usukani, alikaa Mbayo, mume wa binti yake Joyeuse. Muko wake; naye Mama Mianda ni muko wa Mbayo, neno ni moja kwa mkwe na mama mkwe. Na huku kwetu kila mtu anajua: mama na muko wake hawaangaliani usoni, hawali sahani moja, hawaongei bila mtu wa tatu katikati yao. Si chuki, ni heshima. Ndiyo buko yenyewe. Miaka kumi na miwili Mama Mianda alikuwa anamjua Mbayo kwa viatu vyake, kwa kikohozi chake anapopita nyuma ya nyumba, na kwa mfuko wa unga aliouacha mlangoni kila mwanzo wa mwezi bila kubisha hodi. Siku ile jirani, Mama Mbuyu, ndiye angekaa katikati yao, lakini aliamka na homa. Basi Mbayo alikigeuza kile kioo kidogo cha dereva kikaangalia paa, na Mama Mianda akajifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Hivyo ndivyo walivyosafiri.

Walikuwa wanaenda gare, stesheni, kwenye treni ya Kasai. Tangu mwaka uliopita watu wa asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa, hata wale waliozaliwa hapa, hata wale waliozika hapa. Nyumba zilichomwa. Familia nzima zililala gare wiki kwa wiki, na masufuria yao, na magodoro yao, zikingoja mabehewa. Joyeuse alikuwa huko tangu siku nne, anawalindia nafasi. Alisema: mama hatapanda treni peke yake na magoti yale, nitaenda naye. Mbayo ni Muluba wa Katanga, hakuna aliyemfukuza; yeye angebaki peke yake, na nyumba yenye kitanda kimoja cha kutandika.

Na Mama Mianda mwenyewe? Hakuna aliyemuuliza. Joyeuse aliona mama yake anafunga mizigo bila neno, akasema moyoni: mama ametamani kwao. Mama Mianda aliona muko wake anasafisha motokari bila neno, akasema moyoni: anaogopa nyumba yake isichomwe kwa sababu yangu, na ana haki. Kasai hakuijua. Alitoka huko mgongoni mwa mama yake, wakati kampani ilipokuwa inatafuta watu wa kazi. Alichotaka ni kukaa karibu na mtoto wake, na mtoto akae na mume wake. Lakini neno kama lile, mama anamwambiaje muko?

Mbayo alishuka, akafungua kapo, kile kifuniko cha injini. Na kapo ya 404 ikisimama, msikilizaji wangu, inakuwa ukuta. Wa huku haoni wa kule.

“Weye motokari,” Mbayo akaiambia injini, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, “kama kungekuwa mutu moja wa kukaa ku usukani, akageuza ufunguo pale mi nasema, ningejua ugonjwa yako.”

Mama Mianda akajibu mgongo wa kiti cha mbele. “Weye kiti, mutu yeko. Lakini namna gani mutu atakaa pale muko wake amekaa? Kungali moto.”

“Motokari, umuambie mutu atandike kitenge juu.”

Akatoa kitenge cha pili kwenye mizigo, akakitandika, mikunjo miwili. Akakaa. Usukani ule alikuwa anaujua kwa macho tu. Kabasele hakumpa hata siku moja.

Mbayo alianza na moto. Akachomoa waya mmoja wa bujii, ile plagi ya cheche, akausogeza karibu na chuma, akaita, Mama Mianda akageuza ufunguo. Tak! Cheche ya buluu. Moto upo. Akaangalia chakula. Akafungua tiyo, ule mpira mwembamba unaoingia kwenye karbirateri, akautia ndani ya chupa tupu. “Geuza!” Injini ikazunguka, ikazunguka. Chupa ikabaki kavu kama pua ya mbuzi wakati wa kiangazi.

Mtu mmoja alipita na baiskeli, amebeba makaa. Akasimamisha mguu chini.

“Tata Mbayo! Na nani unaongea? Motokari inakujibu?”

“Inajibu muzuri kupita bibi yako!”

Yule akacheka. Halafu akaona mama mzee kwenye usukani na mizigo nyuma, kicheko kikaisha. “Mufanye mbio, tata,” akasema polepole. “Kule mbele bijana banafunga njia na barieri saa sita, saa ya midi.” Akasukuma baiskeli yake, akaenda.

Mbayo alifungua tiyo inayotoka nyuma kwenye tanki, akaivuta kwa kinywa. Esansi, ile petroli, ikamjaa mdomoni, akatema, akatukana kidogo, akakumbuka nani anasikia, akaomba ruhusa kwa motokari. Toka tanki mpaka hapa njia ni nzuri. Toka hapa mpaka karbirateri hakuna kitu. Katikati iko nini? Pompi. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakinusa. Kilinuka esansi.

“Ngozi ya ndani ya pompi imepasuka,” akasema. “Ile ya kuvuta chakula. Esansi yote inashukia mu mafuta ya injini. Hii, motokari, hapa mu njia haina dawa. Treni itaenda bila weye.”

Ajabu, sauti yake haikuwa na haraka. Mama Mianda alisikia, lakini hakuiweka moyoni, kwa sababu moyo wake ulikuwa umekimbilia mahali pengine: chini ya kiti cha nyuma, kwenye kopo la biskuti.

Kabasele alinunua 404 hii mwaka wa sabini na nne, wakati shaba ilikuwa shaba. King’ora cha kampani kilikuwa kinalia asubuhi, na mtaa mzima unasikia milango, moja, mbili, hamsini, kama mtu anayeshuka ngazi. Watoto walikunywa maziwa shuleni. Siku ya Mungu, baada ya misa, walikuwa wanapanda wote kwenda ziwa la Nzilo, na mkate, na sardini, na Joyeuse mdogo anatoa kichwa dirishani mpaka shanga za nywele zinapigana. Na Kabasele, kwa kuwa alikuwa karani wa magasini, hakuamini kitu chochote ambacho hakina mwenzake wa akiba kwenye rafu za etajeri. Alikuwa na viatu pea mbili za aina moja. Alikuwa na miwani miwili. Na siku moja alienda Likasi, akarudi na pompi mpya, akaifunga kwa kitambaa chenye grisi, akaitia kwenye kopo, akaandika juu kwa kalamu yake nzuri: *Pompi, 1*. Alikufa bila kuitumia. Mama Mianda ndiye aliyekuwa anabadilisha grisi kila mwaka, siku ya kumbukumbu yake, kama mwingine anavyopalilia kaburi.

Angenyamaza, treni ingeenda. Hakuna ambaye angejua. Lakini Joyeuse alikuwa gare siku ya nne na baridi ile. Tena, mke wa Kabasele kuficha kifaa? Magasini yote ingecheka.

“Weye kiti,” akasema, “uambie mutu atafute chini ya kiti ya nyuma. Kopo ya biskuti.”

Halafu viatu vya Mbayo vikapita kando, kichwa kimeinama. Kopo likatoka, kifuniko kikalia. Sauti ya Mbayo ikatoka nyuma.

“Aka! Mama yangu. Mupya kabisa.”

“Kabasele hakununuaka bitu bya kuchakaa.”

Mbayo akafungua bolti mbili kwa spana ya kumi na tatu, akatoa pompi iliyokufa, akakwangua mahali pake kwa kisu taratibu, akaweka ile mpya, akakaza huku kidogo na huku kidogo, kama anavyokaza mtu aliyefundishwa. Akaunga tiyo zote mbili.

“Sasa, motokari, mutu ashuke, afungue kifuniko ya tanki kule nyuma, hewa ipite. Mi navuta na mukono.”

Maana pompi ile ina kamkono kadogo. Ukikapiga kwa kidole inavuta esansi hata injini ikilala. Mama Mianda akashuka na magoti yake, akaenda nyuma, akafungua tanki. Mbayo akapiga kamkono. Tik, tik, tik. Na ndani ya tanki, gluglu, gluglu, kama mtoto anayepuliza ndani ya kikombe cha chai.

Mama Mianda akainamisha sikio. Aliwahi kusikia sauti ile mara moja tu maishani, kwenye njia ya Nzilo, siku Kabasele alipojidai kuifungua pompi mwenyewe akaunga tiyo kinyume: ya tanki mahali pa karbirateri, ya karbirateri mahali pa tanki. Pompi ilikuwa inapuliza nyuma badala ya kuvuta mbele. Walicheka mpaka sardini ikamwagika. Lakini Kabasele alikuwa mtu wa kalamu; Mbayo ni fundi.

Akatembea kando ya motokari. Akapita mlango wa nyuma, akapita mlango wa mbele, akafika kwenye kapo, na hapo alipaswa kusimama. Hakusimama. Akazunguka ule ukuta, akaingia upande wa muko wake, mchana kweupe, barabarani, bila mtu wa tatu. Juu ya pompi kulikuwa na mshale mdogo uliochorwa kwenye chuma, kuonyesha njia ya esansi. Ulikuwa unaangalia tiyo ya tanki.

“Muko,” akasema. Hakumwambia kiti. “Miaka ngapi ulitumika ku garaji ya kampani?”

Mbayo aliruka kama aliyeunguzwa. Akaangalia chini. “Kumi na ine, mama.”

“Na pompi ngapi ulifunga?”

“Nyingi, mama.”

“Na ngapi ulifunga kinyume?”

Mikono yake yenye grisi ilitafuta mahali pa kujificha, haikupata. Masikio yake yalikuwa mekundu.

“Hii tu,” akasema. “Mikono ilijua. Miye ndiye sikutaka tufike.” Akapangusa mikono kwa suruali. “Bapadri ba muji ya Sandoa baliniandikia, banatafuta mekanisie. Kule kungali kimya, habafukuzi mutu, na nyumba iko, byumba bitatu. Joyeuse alisema hawezi kuacha mama yake apande treni peke yake. Na miye, mama, kwa kinywa gani nitamwambia muko wangu, usiende?”

Upepo ulitingisha kapo, vumbi likawapita wote wawili. Mama Mianda alishusha kitenge kutoka kwenye nyusi zake, akakiweka mabegani, akamtazama yule mwanaume usoni kwa mara ya kwanza: alikuwa na kovu dogo kidevuni ambalo Joyeuse hakumtajia hata siku moja.

“Mbayo,” akasema, “Kasai mi siijui, na sikuitaka hata siku moja. Nilikuwa nangoja tu mutu moja aniambie: mama, kaa na sisi.”