Kivuli Nyuma ya Kitinda

Nyumbani walimwita Fundi Kivuli, naye hakukataa, maana jina la kazi si tusi. Kutwa alikaa mbele ya kompyuta akipokea picha za bidhaa za watu wanaouza mtandaoni: viatu, sufuria, viti. Kila kitu alikikata kutoka kwenye picha yake, akakiweka juu ya weupe mtupu, kisha akakitengenezea kivuli kipya. Kitu kisicho na kivuli, alikuwa akisema, huelea kama kimepoteza kwao. Basi alichora doa jeusi chini yake, akalilaza upande mmoja, akalififisha kingo mpaka likatulia. Vivuli vya kweli alivifuta. Kwake vilikuwa takataka.

Mteja wake wa karibu kuliko wote alikuwa mdogo wake, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho wa mama yao. Kitinda aliuza vyungu vya maua. Alipanga chumba kimoja jirani na karakana ya mafundi wa kuchomelea, na kila asubuhi alitandika shuka jeupe sakafuni, akalipa dirisha mgongo ili jua limpite begani, akapiga picha kwa simu. Kando ya dirisha palikuwa na mlango wa stoo. Mwenye nyumba aliufunga, akasema mna vitu vyake.

Siku hiyo picha ziliingia mfululizo, kila moja mara tu ilipopigwa. Ya kwanza ilikuwa chungu cha kijani, kivuli chake, na kivuli cha Kitinda mwenyewe, viwiko nje, kilemba kichwani. Kawaida tu. Ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tatu Fundi Kivuli akaacha kipanya, akasogeza uso kwenye skrini.

Kulikuwa na kivuli kingine. Kichwa kisicho na kilemba, shingo, mabega mapana.

Akajiambia ni pazia. Akafungua picha iliyofuata, na pazia halitembei: lile bega sasa lilikuwa limegusa kiwiko cha mdogo wake. Akapiga simu.

"Dada, umezipata?" Kitinda akauliza. Kwa mafundi mashine ya kukatia chuma ilikuwa ikilia. Hata mtu akikohoa usingemsikia.

"Nimezipata. Uko na nani hapo?"

"Na nani tena? Mimi na vyungu vyangu."

Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Akimwambia geuka, atageuka, na huyo aliye nyuma atajua ameonekana.

"Sikiliza, mdogo wangu," akasema polepole, kama anayeagiza chumvi. "Mama yuko nje hapo kwa mafundi. Anakuita. Mfuate sasa hivi."

Mama yao walikuwa wamemzika wao wenyewe, miaka iliyopita, wameshikana mikono.

"Mama?"

"Mama. Usimkawize. Viatu viache."

"Haya." Sauti ya Kitinda ilikuwa imesinyaa. "Mwambie nakuja."

Mashine ikanyamaza. Fundi Kivuli akaikandamiza simu sikioni, akasikia nyayo tupu sakafuni. Komeo likakwama, likakwama tena. Kisha nyayo nyingine, nzito, zisizo na haraka. Komeo likaachia, sauti za wanaume zikajaa kwenye simu, na mdogo wake akawa analia: "Kuna mtu ndani. Jamani, kuna mtu ndani."

Mafundi waliingia na vyuma mkononi, lakini hawakuvihitaji. Mpangaji wa zamani wa chumba hicho alikuwa amerudi stooni, ameketi kwenye mkeka, ufunguo wa stoo ambao hakuwahi kuurudisha ukining'inia shingoni. Pale alipokuwa akilaza kichwa palikuwa na kilemba kilichokunjwa ambacho Kitinda alidhani kimechukuliwa na upepo.

"Sikumgusa," aliwaambia polisi kwa upole. "Nilikuwa namtazama tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Kitinda usingizi, hata alipohamia kwa dada yake.

Askari wa kike aliyeshika kesi akaja kuomba picha zote za awali, zile ambazo hazijaguswa. Fundi Kivuli alikuwa amezihifadhi. Akazifungua moja moja, vyungu vilivyokwisha kuuzwa na kusahaulika. Kwenye hii lilikuwepo bega, kwenye ile nusu ya kichwa. Yeye mwenyewe alimfuta mtu yule kila mara, akaweka kivuli laini cha chungu mahali pake, na wateja wakasifu.

"Na hii?" Kitinda akauliza, amesimama nyuma ya kiti.

"Na hii."

"Fungua nyingine."

"Imetosha, mdogo wangu."

"Fungua, dada. Nataka kujua alianza lini."

Wakarudi nyuma, na nyuma zaidi, mpaka picha ya kwanza kabisa, ile Kitinda aliyoipiga siku aliyokabidhiwa chumba. Askari akainama kuitazama. Humo pia kivuli chake kilikuwemo, kimesimama wima kana kwamba chumba ni chake.