Vidonge vya Dishon

Utando ulipasuka tena, Rael akasonya hadi wenzake maabarani wakageuka.

Kazi yake hapo Homa Bay ilikuwa kutandaza utando wa mafuta kwenye kitundu cha chipu, kibamba cha kupimia umeme, kitundu kidogo hata hukioni, kisha kuupachika vijilango vya protini kama vile vya moyo, vinavyopitisha chumvi ili moyo upige sawasawa. Mkondo wa umeme ukipita, vijilango viko wazi. Ukififia, kuna kitu kimeviziba. Siku zote alipima dawa za watu baki. Leo alikuwa anapima vidonge alivyoacha kaka yake Dishon, aliyeanguka shambani Lambwe akafa, na kifo chake ukoo mzima ukambebesha mjane wake, Filister. Eti alimtilia kitu kwenye chai! Na leo wazee wamekaa kumfukuza. Upuuzi mtupu.

Utando mwingine ulishika. Alidondosha dawa ya malaria aliyoiyeyusha, mkondo ukapungua. Alipoongeza ile ya kikohozi, ukakatika kabisa. Chipu haiwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichomuua Dishon, lakini kwa Rael hiyo ilitosha kwenda kugombana.

Kufika Lambwe, alikuta godoro la Filister limetupwa uani, na anayepiga kelele kuliko wote ni mama yake Rael mwenyewe. "Muuaji atoke kwa boma yangu!"

"Mama, nyamaza!" Rael alimkatiza. "Dawa zile mbili za Dishon hazifai kumezwa pamoja. Zinaweza kusimamisha moyo. Nani alimnunulia?"

Alitaka jina tu, apate mtu wa kumrarua. Filister alimshika mkono. "Rael, tafadhali. Wacha tu niende."

"Nimeuliza nani!"

Mama aliketi polepole juu ya godoro lile lile. "Ya malaria alipewa hospitali," alisema. "Ya kikohozi nilimletea mimi, kutoka duka la mpakani, Isebania. Filister alisema tuulize daktari kwanza. Nikamtukana."

Rael alimgeukia Filister, ngumi bado amezikunja. "Wewe ulijua?"

"Nilishuku tangu matanga. Na mama naye amezika mtoto wake. Ningemwambia nini?"

"Haya!" Rael aliwafokea wazee. "Muuaji si ndiye huyu sasa? Mbona hamtupi godoro lake?"

Filister aliinama, akamshika mama mkwe wake kwapani. "Inuka, mama," alisema. "Twende ndani."