Hii Wanakufa Wangapi?

Wateja wa bucha walimwita Chuma, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Mtu akiomba kupunguziwa bei, Chuma hujibu kwa kushusha shoka kwenye gogo, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mkewe, fundi cherehani, alijua mambo ambayo wateja hawakuyajua. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Chuma huvua viatu, akajitupa kwenye kochi, akaweka filamu ya huzuni na kulia mpaka kola ya shati inalowa.

Tena si filamu yoyote ile. Alitaka zenye misiba mitupu. Akienda kwa muuza filamu pale kona, hakuuliza nani kaigiza. Aliuliza, "Hii wanakufa wangapi?" Akiambiwa mmoja, anairudisha. Zile zinazoishia kwa harusi aliziita utapeli. Mkewe alikuwa akishona pembeni, na kwa kusikiliza tu alishazijua zote: mama akikohoa mara moja, huyo hafiki mwisho wa filamu, na baba akiahidi kurudi mapema, jeneza limeshachongwa.

Wala hilo lisingemsumbua. Mume anayelia sebuleni ni nafuu kuliko mume anayelewa barabarani. Kilichomkera, kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki, ni kwamba mwanamume huyohuyo alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na kwa miaka miwili hakulitaja hata jina lake.

Kosa la kijana lilikuwa nini? Alikataa shoka akashika kitana. Alikuwa msusi, tena msusi hodari, wanawake wanamsubiri mlangoni tangu asubuhi. Chuma aliposikia, alisema mbele ya majirani, "Mimi sina mtoto msusi." Kijana akabeba begi lake, akahamia upande wa pili wa mji. Sasa alikuwa anaoa, na alimpigia mama yake simu kuomba jambo moja tu: baba aje. Hata akinuna, hata asipomsalimia mtu, akae kiti cha mbele watu waone kwamba bwana harusi ana baba.

Mama alilipeleka ombi hilo kwa kila njia. Alilitoa wakati wa chai, Chuma akasema chai imepoa. Alimtuma shemeji yake, kaka mkubwa wa Chuma. Chuma alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamfungashia maini na kumsindikiza mpaka barabarani. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mwishowe uvumilivu ukamwishia mama wa watu, akaacha kushona.

"Hivi wewe, mume wangu, unawalilia watu ambao hata hawakujui. Wa kwako mwenyewe unamnyima hata salamu?"

Chuma hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Ukimlilia mtu wa kwenye filamu, unalia, roho inatulia, filamu inaisha, unanawa uso," alisema. "Hakuna anayekuuliza, haya, umeshalia, sasa utafanya nini?"

Jibu lilikuwa la kweli, na ukweli wake ulimuudhi mama kuliko uongo.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa muuza filamu.

"Nataka ya baba na mtoto waliokosana. Baba ajute akiwa amechelewa."

"Mtoto afe?"

"Afe," alisema, halafu akajiona mchawi. "Afe, lakini humohumo kwenye filamu."

Ikafika Jumapili, ya mwisho kabla ya harusi. Muuza filamu alikuwa ameijua kazi yake, maana kabla ya nusu ya filamu Chuma alishaanza kupenga. Baba wa kwenye filamu alikuwa anakimbia kwenye korido ya hospitali, na daktari alikuwa ameshavua miwani. Chuma alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Udongo uwahi ungali maji, mama alijisemea, akampigia mwanawe simu na kuiweka kwenye sikio la mumewe.

"Haloo? Mama?"

Chuma aliganda. Aliitoa ile simu sikioni, akaitazama kama nyama iliyorudishwa na mteja.

"Ongea na mama yako," alisema, akamrudishia mkewe, na macho yake yakarudi kwenye televisheni.

Mama alishikwa na hasira. Alitamani kuung'oa waya wa televisheni ukutani. Lakini kijana alikuwa bado anasubiri.

"Mama, huyo alikuwa baba?"

"Ndiye."

"Analia?"

Muziki wa filamu ulikuwa umepanda. Chuma akatoa kwikwi nyingine, kubwa, ya kutoka tumboni.

"Analia," alisema mama, na hakudanganya.

Sauti ya kijana sasa haikuwa ya mtu mzima. "Mwambie anyamaze, mama. Mwambie yameisha, mimi sina kinyongo. Nitamwekea kiti karibu na changu. Sikujua kama ananililia."

Mama aliziba simu kwa kiganja, akainama karibu na mumewe.

"Mwanao amekusikia. Anadhani unamlilia yeye. Anasema unyamaze, yameisha, atakuwekea kiti karibu na chake."

Chuma hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni. Hakuhitaji kusema samahani, hakuhitaji kusema lolote. Kuitikia kwa kichwa kungetosha, na mkewe alikisubiri kichwa hicho kitikisike. Kwenye televisheni yule baba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, amekumbatia miguu ya mwanawe.

"Ngoja kwanza, mke wangu," alisema Chuma, akiongeza sauti kwa rimoti. "Hapa ndipo anapomwomba msamaha."

Mama alitoka nje na simu, akaufunga mlango nyuma yake ili kijana asiusikie ule muziki.

"Amesemaje, mama? Atakuja?"

"Nitakuja mimi, mwanangu," alisema. "Hicho kiti nitakikalia mimi."