Tatu, Kisha Mbili

Nabintu hakuwa amemaliza hata wiki ugenini, mtaani Kansanga, aliposikia rimu ya lori ikigongwa: mara tatu, kimya, mara mbili. Kitenge alichokuwa akimpimia mteja kikamponyoka. Hivyo ndivyo walivyoitwa kanisani kijijini kwao, huko Kivu, mpaka Jumapili ile kanisa lilipochomwa moto watu wakiwa ndani, yeye akiwa sokoni. Tangu hapo, akiulizwa dini yake, alijibu kwa ukali, "Mimi nauza vitenge."

Mlio ule waliujua waumini tu, na wale waliolichoma. Alijua hivyo, na bado akaufuata.

Nyuma ya baa, kwenye kibanda cha mabati, alisimama mzee mwenye makovu ya moto shingoni, nondo mkononi. Alikuwa Ephraïm, katekista wao.

"Ingia, binti yangu."

Mabenchi yalipangwa kama kwao, wanawake kushoto, wanaume kulia. Yote yalikuwa matupu.

"Wengine wako wapi?"

"Nimegonga kila Jumapili, miaka saba," alisema Ephraïm. "Wewe ndiye wa kwanza kuja."

Nabintu akaketi kushoto, pembeni kabisa mwa benchi, akawaachia mama yake na dada zake nafasi zao.